Mama Maswali na Faili la Dawa ya Figo

Siku ya tisa baada ya kumzika mumewe, Mama Maswali alirudi kazini. Alifika saa moja na nusu asubuhi, akatundika mkoba kwenye msumari wake, akafuta vumbi la meza kwa kitambaa kikavu, akaketi. Wenzake walikuja mmoja mmoja kumpa pole. Aliwashukuru kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaambia watu kwamba fomu zao hazijajazwa sawasawa.

"Mama, hukupaswa kuja leo," alisema mfamasia wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Kipara, na mwenyewe akaitika. "Siku zako za msiba hazijaisha."

"Nyumbani nikafanye nini?"

Kipara akaenda kumletea chai. Saa nne alipopita tena pale mezani alikuta kikombe kimejaa vile vile, chai imeota utando.

Ilikuwa ofisi ya Mamlaka ya Dawa, ghorofa ya tatu, chumba chenye meza sita na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikitazama. Dawa yoyote mpya iliyotaka kuuzwa nchini ilipita hapo kwanza. Kampuni huleta faili, faili husomwa, likiwa na shaka kampuni huandikiwa maswali. Majibu yakiridhisha, kamati hukaa na dawa husajiliwa. Mama huyu alikuwa amesoma mafaili kwa miaka ishirini na mitatu. Wengine walimaliza faili kwa maswali kumi. Yeye alifika arobaini, na lile la arobaini ndilo lililowatoa watu jasho. Hapo ndipo alipobandikwa jina, na likamganda hivi kwamba siku moja ilifika barua rasmi ya kampuni, yenye nembo na muhuri, imeandikwa juu: "Kwa Mama Maswali". Hakucheka. Aliiandikia kampuni hiyo kwamba barua haina tarehe.

Walipoletwa waajiriwa wapya, yeye ndiye aliyewafundisha wiki ya kwanza. Aliwaambia kwamba elimu yote ya dawa inaanza na maswali mawili. Dawa inaufanyia nini mwili? Na mwili unaifanyia nini dawa? Kidonge kikimezwa, tumbo linakivunja, utumbo unakifyonza, ini linakipunguza makali, damu inakisambaza, figo zinakitoa. Njiani humo kinagusa kilichokusudiwa, na kinagusa pia ambacho hakikukusudiwa. "Sisi tuliokaa hapa," alimalizia, "tunaongeza la tatu: una uhakika gani?"

Mumewe alikuwa fundi redio. Ugonjwa uliomuua ulikuwa wa ukoo wao: figo zinaota vifuko vya maji, vifuko vinakua mwaka hadi mwaka, mpaka nyama ya figo yenyewe inakosa pa kukaa. Baba mkwe alikwenda hivyo. Fundi naye alianza kuvimba miguu akiwa na miaka arobaini na saba, akasafishwa damu kwa mashine miaka miwili, akafa akiwa na hamsini na minne. Siku ya mazishi mkewe hakulia. Wapo walionong'ona kwamba ana roho ngumu. Mwenyewe alijisikia kama shavu lililopigwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unajua lipo, unaligusa, lakini unachogusa ni kama cha mtu mwingine.

Nyumbani kulibaki meza ya ufundi iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kila jioni katika wiki zile alikuja mteja. "Pole sana, mama. Marehemu alikuwa na redio yangu." Naye alitafuta karatasi yenye jina, akaifunga redio ndani ya gazeti, akaikabidhi. "Haijapona," alisema kila mara. "Najua, mama, haina neno." Mmoja alipewa redio isiyo yake na akaondoka nayo hivyo hivyo, kwa aibu ya kumsahihisha mfiwa.

Kumwacha peke yake mle ndani wifi yake hakukubali. Huyu alikuwa dada mdogo wa marehemu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mnene wa maneno na mwembamba wa mwili, aliyeachika zamani na asiyetaka kulizungumzia. Alihamia na cherehani yake, mabunda mawili ya kitambaa cha buluu, na sanduku moja la nguo.

"Wifi, mimi sikuja kukuliwaza," alisema akiisukuma cherehani dirishani penye mwanga. "Kuliwaza sijui. Nimekuja kukupigia kelele."

Na kelele alipiga. Cherehani ilianza alfajiri. Mama Maswali akatoka kazini akaikuta, akalala ikimwimbia, akashukuru bila kusema.

*

Wiki ya tatu faili likamfikia. Mafaili yaligawiwa kwa foleni, hakuna kuchagua, na zamu ilikuwa yake. Alisoma jina la dawa, halikumwambia kitu. Akasoma mstari wa pili: dawa ya kupunguza kasi ya kukua kwa vifuko vya maji kwenye figo.

Alikaa nao mstari huo kidogo. Kisha akatoa fomu ya kutamka maslahi, ambayo kila msomaji hujaza kabla ya kugusa faili, akaandika mahali pa maelezo: *Mume wangu alifariki mwezi uliopita kwa ugonjwa huu.* Akaipeleka kwa Mkuu wa kitengo.

Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kupenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Ndugu wa karibu ambaye anaweza kufaidika na dawa," alisema taratibu. "Ndivyo kanuni inavyosema. Marehemu hafaidiki, Mama. Una mtu mwingine mwenye ugonjwa huu?"

"Hapana. Nijuavyo mimi, hapana."

"Basi kanuni haikuzuii. Lakini mimi kama binadamu nakuuliza: utaweza?"

"Ni faili," alisema Mama Maswali.

Akalisoma. Alianza na majaribio ya panya na sungura, akaja kwa watu: kwanza watu wachache wazima, kuona kama dawa inavumilika, kisha wagonjwa mia mbili, kutafuta dozi, kisha wagonjwa elfu moja na mia nne, nusu wakipewa dawa na nusu wakipewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua alipewa kipi, wala daktari wake hakujua, ili matumaini ya mtu yasije yakasoma vipimo. Baada ya miaka mitatu walifungua siri. Figo za waliokunywa dawa zilikuwa zimechoka polepole zaidi kuliko za wenzao, tofauti ya karibu theluthi.

Alichukua kalamu akakokotoa pembeni ya karatasi, kwa mazoea tu ya mkono. Kama mumewe angeianza dawa siku alipopimwa mara ya kwanza, angechelewa kuingia kwenye mashine kwa miaka miwili na miezi minne hivi. Aliitazama hesabu, akaona ni sahihi, akaichana karatasi, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Sehemu ya majaribio ya watu hakuikuta na kasoro kubwa. Shaka ilikuwa mbali kule nyuma, kwenye majedwali ambayo wasomaji wengi huyafikia wakiwa wamechoka. Dawa haikai milele kama ilivyotengenezwa. Joto huivunja, unyevu huivunja. Kwa hiyo kampuni huiweka dawa katika kabati maalumu, kwa joto na unyevu wa nchi itakakouzwa, na kuipima mwezi hadi mwezi. Kampuni hii ilikuwa imeiweka dawa yake, ndani ya kopo la plastiki, miaka miwili katika joto la nchi za baridi. Katika joto la nchi kama hii, lenye kutoa jasho hadi kwenye kuta, waliiweka miezi mitatu tu. Na katika miezi hiyo mitatu kulikuwa na namba moja iliyokuwa ikipanda. Ilikuwa ya kemikali inayozaliwa dawa inapovunjika, ile ambayo kwa panya ilikuwa imechafua ini. Sifuri nukta moja. Sifuri nukta mbili. Sifuri nukta nne. Kikomo kilikuwa sifuri nukta tano.

Aliandika maswali saba. Sita yalikuwa madogo. La saba lilisema: *Leteni vipimo vya miezi isiyopungua tisa katika joto na unyevu wa nchi hii.*

Mkuu alitia sahihi. Barua ikatoka. Mamlaka ilikuwa na idadi ya siku za kumaliza faili, lakini swali likishatumwa siku hizo huacha kuhesabiwa mpaka jibu lije. Wenyewe husema saa imesimama.

Baada ya siku nne alikuja mwakilishi wa kampuni, bwana mmoja wa tai nyekundu, mwenye tabasamu la kufungulia milango.

"Mama, dawa hii imeshasajiliwa katika nchi tatu kubwa," alisema. "Kuna wagonjwa wanaisubiri."

"Kwenye majaribio ya watu sina neno. Nchi hizo zimeyasoma, nami nimeyasoma. Nauliza habari ya kopo."

"Ni kopo lile lile linalotumika huko."

"Na joto ni lile lile?"

Bwana wa tai alitazama feni iliyokuwa ikitazama. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

*

Wifi mtu alikuwa amekataa kupimwa kwa miaka. Kaka yake alipougua, daktari aliagiza ndugu wote wa tumbo moja wapimwe. "Ukienda kumtafuta nyoka shimoni utamkuta," alijibu wifi, akakata kitambaa. Lakini wiki ile baada ya barua kutoka, Mama Maswali alirudi nyumbani akakuta cherehani imenyamaza. Wifi ameketi, miguu juu ya kigoda, vifundo vya miguu vimejaa kama mkate ulioumuka.

"Tangu lini?"

"Nimekaa sana tu. Msimu wa sare huu."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu kabla ya msiba." Wifi akainamisha macho. "Ningesemaje, wifi? Ulikuwa umeshika mmoja mikononi."

Alimpeleka hospitali kesho yake. Kwenye kioo cha picha vilionekana vifuko vya maji, vyeusi, vya duara, figo zote mbili, kama alivyowahi kuviona vya mumewe kwenye kioo kile kile. Damu ilipimwa. Daktari alisema figo zimebakiwa na nguvu ya asilimia thelathini na mbili. Wifi alilia mle chumbani kwa sauti. Mama Maswali alimshika bega, akamsubiri amalize, akamuuliza daktari maswali tisa na kuyaandika majibu.

Kesho yake saa mbili kamili alikuwa mbele ya Mkuu. "Sasa ninaye mtu," alisema.

Mkuu hakuhitaji maelezo. Faili lilihamishiwa meza ya pili. Kipara alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Kuanzia siku hiyo alilifungia kabatini kila alipoinuka, hata akienda msalani. Simu za kampuni alizipokelea ngazini. Mama Maswali alikigeuza kiti chake kikaelekea ukutani. Watu waliokaa umbali wa hatua mbili kwa miaka kumi na moja wakawa wanazungumzia hali ya hewa.

"Unaweza kuliondoa lile swali," Kipara alimwambia siku moja kwenye foleni ya chai, akinong'ona bila kumtazama. "Sikusemi wewe. Nasema mimi, naweza. Kisheria ninaweza."

"Usiniambie mambo ya faili."

"Nakuuliza tu ungekuwa..."

"Kipara. Usiniambie."

*

Nyumbani wifi alianza dawa za kushusha presha na akataka kuelewa kila anachomeza. Hilo Mama Maswali aliliweza. Wifi aliuliza kwa nini kidonge kimoja anakunywa mara moja kwa siku na kingine mara tatu.

"Chukua kitambaa," alisema Mama Maswali. "Mita moja. Kikate nusu."

Wifi akakata kwa mkasi wake mkubwa.

"Hicho kilichobaki kikate nusu tena. Na tena. Mwili unaitoa dawa hivyo, nusu ya iliyopo, kisha nusu ya iliyobaki. Kuna dawa inayokatwa nusu kila baada ya saa mbili, hiyo utakunywa mara nyingi. Kuna inayokatwa nusu kwa siku nzima, hiyo mara moja inatosha. Figo zikichoka, mkasi unakuwa butu. Dawa inabaki mwilini muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Ndiyo maana daktari amekupunguzia dozi."

Wifi alivitazama vipande. "Umeniharibia mita nzima ya sare kunifundisha hivyo," alisema, wakacheka, au wifi alicheka na mwenzake akaonyesha meno.

Mwezi wa nne tangu apimwe, wifi alirudi kliniki akiwa amewaka. Walikuwa mezani wanakula wali na maharage, jua bado lipo dirishani.

"Daktari kaniambia kuna dawa mpya. Ya ugonjwa huu huu. Inapunguza kasi."

Mama Maswali aliendelea kutafuna.

"Ipo hapo kwenu, wifi. Kwenye Mamlaka yenu. Imekwama. Mtu kauliza swali kuhusu kopo. Kopo! Sisi tunakwisha, wao wanahoji vyombo."

"Mambo ya mafaili siruhusiwi kuyazungumza."

"Sikuombi siri. Nakuuliza kama wifi yangu. Huyo aliyeuliza, angekuwa na mgonjwa nyumbani kwake, angeuliza?"

"Sijui."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka," alisema Mama Maswali, kwa sababu ndilo jibu ambalo mtu hupewa tangu utotoni.

"Methali zote mbili wametunga watu wenye figo nzima," alisema wifi, akasukuma sahani.

Mama Maswali aliosha vyombo. Aliviosha vyote, akavipanga kwa ukubwa, akaona amebakiwa na maji ya moto, akaosha na vile vilivyokuwa safi kabatini. Kwa miezi iliyofuata alimsindikiza wifi kila kliniki. Asilimia thelathini. Ishirini na tisa. Akapata maambukizi kwenye mkojo yaliyomlaza siku sita. Ishirini na sita. Aliziandika kwenye daftari dogo, kwa mwandiko wake wa mviringo, na tarehe.

*

Jibu la kampuni lilikuja mwezi wa kumi tangu barua itoke. Yeye hakujua. Alijua siku orodha ya dawa zilizosajiliwa ilipobandikwa ubaoni kwa watu wote, mwezi mmoja baadaye. Dawa ilikuwa namba nne. Mbele yake iliandikwa: *katika karatasi za aluminiamu pekee*, yaani kila kidonge kimefungwa peke yake, si ndani ya kopo.

Siku hiyo, mambo yakiwa si siri tena, Kipara alimwekea nakala ya jedwali mezani.

"Waliweka makopo na karatasi za aluminiamu kwenye kabati moja, miezi tisa," alisema. "Kwenye aluminiamu dawa imebaki tisini na nane kwa mia. Kwenye kopo imeshuka hadi themanini na tano. Na ile kemikali yako imepita kikomo mara mbili. Ndiyo ile iliyowachafua panya ini." Akajikuna kichwa kisicho na nywele. "Mama, ningekuwa mimi nisingeliona lile jedwali. Ningekuwa nimeshachoka ukurasa wa mia mbili."

"Asante," alisema Mama Maswali.

Alisubiri kuhisi kitu. Unafuu, au fahari, hata uchungu ungefaa. Alisikia feni.

Alipofika kliniki na wifi wiki ile, daktari alisoma karatasi ya maelezo ya dawa mpya, akasoma vipimo, akairudia karatasi. Dawa ilisajiliwa kwa wenye figo zilizobakiwa na asilimia ishirini na tano au zaidi. Wifi alikuwa na ishirini na tatu.

Kwenye benchi la nje, wagonjwa wakipita na mafaili yao ya manjano, wifi aliikunja karatasi ya vipimo mpaka ikawa ndogo kama kifungo. Mama Maswali alifungua mkoba, akaufunga.

"Lile swali la kopo niliuliza mimi," alisema.

Wifi aligeuka polepole.

"Kabla sijajua kuhusu wewe. Nilipojua nililiachia faili. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na ni langu."

"Miezi yote hii tunakula sahani moja."

"Ndiyo."

"Na jibu lilikuwa nini? La hilo swali lako?"

Mama Maswali alimweleza: themanini na tano, kikomo, maini ya panya. Alimweleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza waajiriwa wapya.

"Sasa niambie, wewe msomi. Kidonge chenye themanini na tano na hakuna kidonge, kipi bora?"

"Kwako? Sijui, wifi. Pengine kidonge. Pengine kingekuchafua ini na figo kwa pamoja. Sijui."

"Hujui," alisema wifi. "Miaka ishirini na mitatu unauliza watu, na mimi nikikuuliza moja, hujui."

Mchana huo huo aliita mkokoteni. Cherehani ikashuka ngazi, mabunda yakafuata, sanduku likafuata. Mama Maswali alishika mlango usijifunge wakati wanapitisha. Wifi alikwenda kukaa kwa mshonaji mwenzake, mtaa wa tatu. Nyumba ikawa kimya, na asubuhi ya kwanza Mama Maswali alichelewa kazini, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa sababu hapakuwa na cherehani ya kumwamsha.

Siku ya kumi na nane alitoka kazini akakuta mkokoteni mlangoni. Wifi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake barazani, anajipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia kola.

"Yule mwenzangu anakoroma," alisema. "Tena usidhani nimekusamehe. Bado nakasirika. Nakasirikia humu ndani, kule nafasi ndogo."

"Haya. Nikusaidie bunda."

"Shika huku."

Baada ya wiki mbili daktari alikubali kumpa wifi ile dawa, akisema wazi kwamba majaribio hayakuwa na watu wa asilimia zake, na kwamba damu itapimwa kila mwezi. Walimtazama Mama Maswali wote wawili.

"Utafiti hauna watu kama wewe," alisema. "Hakuna anayejua. Ukitaka kuinywa, inywe, na tuandike kila kitu."

Wifi aliinywa. Kila mwezi Mama Maswali alijaza fomu ya madhara, ile ambayo mtu yeyote anaweza kujaza: mwanamke, miaka arobaini na tisa, kiu nyingi, usingizi wa kukatika, ini halijabadilika. Aliipeleka ghorofa ya chini kwenye dirisha la kitengo kinachofuatilia dawa zilizokwisha sajiliwa, akapewa namba kama raia mwingine yeyote. Mwezi wa sita figo zilikuwa ishirini na moja. Mwezi wa kumi na nne, kumi na saba. Mwezi wa ishirini na tano, tisa, na wifi akaanza kusafishwa damu.

Miaka miwili. Wifi alimuuliza kama dawa ndiyo iliyompa miaka hiyo, au angeipata tu.

"Mtu mmoja si utafiti," alisema Mama Maswali. "Ningekudanganya nikisema ndiyo. Na nikisema hapana ningekudanganya vile vile."

"Nilijua utasema hivyo," alisema wifi, bila hasira, kama mtu anayekubali kwamba mvua hunyesha.

Sasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mama Maswali amebakiza mwaka na nusu astaafu, na Mkuu amemruhusu kuingia saa tano siku hizo. Chumba cha mashine kina vitanda vinane vya kuegemea na dirisha linalotazama ua wa kufulia wa hospitali. Wifi huja na kazi ya mkono, vifungo vya kupanga kwa ukubwa, kwa sababu mkono mmoja unaachwa huru, na hugombana na muuguzi kuhusu namna anavyofunga bandeji. Wiki iliyopita, mirija imeshajaa damu na mashine imeanza kunguruma, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwenzake.

"Wifi. Hii mashine nayo mliisoma ninyi?"

"Vifaa ni kitengo kingine. Ghorofa ya pili."

"Hao wa ghorofa ya pili wanauliza maswali?"

"Machache."

"Mungu awabariki," alisema wifi.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, muuguzi akacheka. Mama Maswali alisikia mlio mfupi wa ajabu, kama mtu aliyepaliwa, na ilimchukua kidogo kutambua kwamba umetoka kwake. Alifuta macho kwa upande wa kiganja, akatazama saa, akaandika kwenye daftari muda ambao mashine ilianza.